Bongo tuliyokuwa tunakoroga kila saa sita mchana, Likasi

Wakuu, habari za leo.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kwa nini watu wanadanganya hata pasipo na faida. Nilianza kumjibu, jibu likarefuka, nimeona nilifungulie uzi wake. Ninachoandika nilikiona mwenyewe. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwanza neno moja. Hapa Mbeya nilikoolewa, bongo ni akili. Kwetu Likasi, Kongo, bongo ni uongo. Wiki yangu ya kwanza ukweni, baba mkwe alinisifu mbele ya wageni kwamba nina bongo. Nilienda kulia jikoni.

Sasa habari yenyewe.

Miaka ya tisini, mambo yalipoharibika kwetu, nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea kiwandani. Tuliishi kambi ya wafanyakazi, nyumba zimebanana, jiko la makaa liko nje, jirani akikohoa unamsikia.

Zamani kila mwezi wafanyakazi walipewa mposho, yaani gunia la unga wa mahindi, pamoja na mshahara. Mshahara ukakatika, halafu mposho ukakatika.

Baba aliendelea kwenda kiwandani kila asubuhi na kofia yake ya chuma. Walikuwa wanakaa getini tu. Akirudi saa sita anasema, "Nimekula kule kazi. Mposho inakuya mwezi ya kesho."

Miezi ya kesho ikapita mingi. Idadi yake sikumbuki.

Saa sita mchana ndiyo saa ya bukari kwetu, ugali mnavyouita ninyi. Kambi nzima unasikia miiko. Nyumba isiyosikika mwiko, watu wanajua.

Siku moja mama aliniita. Akanikabidhi sufuria ya maji yanayochemka na mwiko.

"Koroga," akasema.

"Nikoroge nini, mama? Bunga iko wapi?"

"Weye koroga. Ukimaliza, gonga mwiko kwa nyungu mara tatu, sawa vile miye nagongaka."

Nikakoroga. Kila siku saa sita, robo saa nzima, maji matupu bila unga. Mama yeye alikuwa porini akitafuta majani ya kupika jioni na viazi, tukivipata.

Nitakiri kitu. Baada ya wiki chache nilianza kuona kama tumekula kweli. Rafiki yangu akiniuliza, nilijibu "tumekula" bila hata kufikiri. Sikuwa tena namdanganya yeye.

Mwili wa mdogo wangu haukudanganyika. Mado, wa miaka minne, alianza kuvimba miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Muuguzi alimwambia mama: unga, maharage, samaki, na upesi.

Wakati huohuo parokia ilipata unga kidogo kutoka mashamba ya upande wa Kapolowe. Ulikuwa wa familia chache tu kwa kila jumuiya. Katibu wa jumuiya yetu, mzee Ferdinand, dereva mstaafu wa treni, aliona akiuliza nani ana njaa, wote watanyoosha mkono. Kwa hiyo alipita barabara zote za kambi saa sita, siku tatu mfululizo, akisikiliza. Nyumba yenye mwiko, hapana. Nyumba iliyo kimya, anaandika.

Sisi hatukuandikwa.

Mama alipopata habari aliketi kwenye kizingiti. Jioni alimwambia baba kwamba ataenda kwenye jumuiya kusema ukweli.

Baba akasema, "Ukisema vile, unawaambia batu miye ni mutu wa bure. Sisi hatuko bamasikini. Tuko batu ba kazi."

Mama akamjibu, "Shika muguu ya Mado."

Hakuushika. Alitoka nje.

Jumapili baada ya misa mama alisimama kwenye jumuiya akiwa na mwiko mkononi. Mzee Ferdinand akatania, "Mama Mado, umekuya kutupiga?"

Watu wakacheka. Mama akampa ule mwiko.

"Baba, nusa. Unasikia arufu ya bunga? Uko na ufa pale, angalia kama bunga imeshika. Miye napika mayi. Mutoto wangu anavimba."

Mzee aliunusa, akaugeuza, akampa mama mwingine aliyekuwa karibu naye. Mwiko ukazunguka mkono kwa mkono. Mweupe, safi kama umetoka kuchongwa.

Sikusikia mtu mwingine akisema "hata miye." Ningependa kuwaambia kwamba walisimama watano, sita. Hakusimama mtu. Ila nilikuwa nahesabu, na kesho yake saa sita, upande wetu wa barabara, miiko minne haikulia.

Mzee alikuja kwetu akaandika jina letu. Unga ulipofika mama alipika bukari ya kweli. Baba akaketi, akaiangalia, akasema, "Kumbe mposho imefika."

"Aba, hapana," mama akasema. "Ni ya parokia. Kula."

Alikula. Wiki ileile akaenda Kakontwe kuvunja mawe, kazi aliyokuwa anaisema ni ya watu wasio na ufundi. Kofia aliiacha msumarini. Miguu ya Mado ilipungua pole pole. Yuko hai, ana watoto wawili.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, nilimuuliza kama kweli hakujua.

Akacheka kidogo. "Binti yangu, bukari ni nzito. Mwiko inaenda pole pole, inapumua. Weye ulikuwa unakoroga mbio sana. Miye nilikuwa nasikia tangu kwa kona."

"Sasa juu ya nini hukufunua nyungu?"

"Ningefunua, ningetafuta kazi ya mawe kesho yake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Akina mama wa kambi ile wamekoroga bukari tangu utoto. Sauti ya maji waliijua vizuri kunishinda. Labda mzee Ferdinand peke yake, ambaye hakuwahi kushika mwiko, ndiye alidanganyika. Wengine wote walisikia maji, wakakubali kusikia bukari.

Nilichojifunza: uongo wa namna hii hauhitaji mtu wa kuamini. Unahitaji tu watu ambao wakiukataa, watalazimika kufanya kitu. Na ukweli, kwangu, ni kile mama alichofanya: kumpa mtu mwiko aunuse, ukijua baada ya hapo hutaweza kuugonga tena kwenye sufuria.

Mliokulia kambi za migodi, reli au mashamba, kwenu uongo wa saa sita ulikuwa upi? Na nani alikuwa wa kwanza kufunua sufuria? Nasoma kila jibu.