Alawi wa Bucha na Bustani ya Majengo

Miaka ile ya hamsini mwanzoni, mtu aliyetaka nyama nzuri mjini Mbeya alikwenda kwa Alawi. Bucha lake lilikuwa Majengo, kando ya njia ya sokoni, na ng'ombe wake walitoka Usangu, wakiswagwa kwa miguu. Baba yake alikuja kutoka Kilwa akifuata dhahabu ya Chunya. Dhahabu ikamkataa, akabaki na kisu cha kuchinjia, na kisu hicho ndicho alichomrithisha mwanawe. Nyumbani kwa Alawi paliliwa wali wa Ubaruku na nyama, mchana na jioni, na mboga nyingine labda ni kitunguu ndani ya mchuzi. Majani, alikuwa akisema, ni chakula cha mbuzi, na yeye mbuzi anawachinja, hali nao sahani moja.

Mkewe, Zuena, alikuwa na mimba ya mtoto wa pili alipoanza kujigonga. Mchana alikuwa mzima, anachambua mchele na kuokota hata chuya ndogo. Jua likizama, anapapasa ukuta. Alimwaga mchuzi, akakanyaga kuku, akajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyoishi tangu aolewe. Alawi alidhani ni uchovu wa mimba. Kisha magharibi moja alikuwa amesimama uani akitawadha, Zuena akatoka jikoni, akampita karibu kabisa, akauliza nani yuko pale.

"Ni mimi," alisema Alawi.

"Nimekusikia, Baba Mwanakhamisi. Ila sikuoni."

Asubuhi yake hakufungua bucha. Alimpeleka mkewe zahanati, na mganga akawauliza wanakula nini. Alawi alijibu kwa fahari, maana hakuna nyumba Majengo iliyokula kama yake. Mganga alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mwanamke mwenye mimba anataka majani mabichi ya kijani, maboga na maini, na kwamba kwa kukosa hivyo macho huanza kufa jioni. Halafu akamwuliza kama si yeye anayeuza maini.

Alawi alikiri kuwa ndiye. Maini yalikuwa yakiondoka kila asubuhi ndani ya vikapu vya wapishi wa Uzunguni, kwa sababu Uzunguni walilipa vizuri, na nyumbani kwake yalikuwa hayajaingia tangu Idi. Siku hiyo wapishi walikuta ndoano tupu.

Maini aliyapata, majani ndiyo yaliyomsumbua. Wakulima wa milimani waliteremsha kabichi na viazi, na vyote vilipanda Uzunguni. Aliyemwokoa ni jirani wa nyumba ya tatu, Sekela, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mke wa Mika fundi mwashi. Mwanamke huyu alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mwenye maneno machache, na kila kipande cha udongo baina ya nyumba yake na choo alikipanda maboga na mnavu. Aliposikia habari za Zuena hakuuliza mengi. Alileta bakuli la majani ya maboga yaliyoungwa karanga, kesho yake akaleta lingine, akaendelea hivyo. Wiki zilipita, na jioni moja Zuena alimwambia mumewe kwamba kanzu yake ina doa la damu begani. Alawi alikaa chini papo hapo, juu ya kinu.

Mtoto alizaliwa salama. Mtu mwingine angechinja mbuzi wa akika, akashukuru, akarudi kwenye nyama zake. Alawi alichinja mbuzi, akashukuru, lakini macho yake sasa yalianza kuona watu waliosimama mbele ya bucha: watoto wenye vidonda pembeni mwa midomo, wake za madereva waliopauka, wazee wanaotafuna nyama huku fizi zinavuja damu. Nyuma ya machinjio kulikuwa na kiwanja kitupu na kilima cha samadi ambacho watu walikilalamikia kwa harufu. Alikitazama siku kadhaa, kisha akaenda kwa Sekela.

"Mama Anyitike," alimwambia, "samadi ninayo. Akili ya kuitumia sina."

Sekela alimwambia aje na jembe, na aje mwenyewe, asitume mtu.

Mjini walicheka. Mtoto wa Kilwa, mwenye duka na kanzu nyeupe, analima na wanawake. Alawi alijibu salamu zao na kuendelea. Mikono yake iliyozoea kisu ilitoka malengelenge, na Sekela alimsahihisha bila kumbembeleza, akamwonyesha jinsi ya kuchimba tuta, jinsi ya kuiacha samadi ipoe kabla ya kupanda. Mwezi wa sita jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe, ilishuka kutoka mlima Loleza ikaunguza maboga yote. Wakapanda upya, safari hii wakifunika miche kwa nyasi kavu. Wanawake wengine wakaanza kuja, Waislamu na Wakristo, kila mmoja akipewa tuta lake, na maji wakayavuta kwa mfereji kutoka kijitoni.

Mchicha ulipokomaa, Alawi alifanya jambo ambalo lilisemwa mpaka Iringa. Alitangaza kwamba nyama yake haitoki dukani peke yake: kila anayenunua atachukua na fungu la mboga, bure, apende asipende. Wengi walipokea kwa kumwonea huruma. Muharami, muuza vitambaa, mteja wake wa siku zote, alilichukua fungu lake, akavuka barabara na kulitupa mtaroni, watu wakitazama.

"Nimekuja kununua nyama," alisema. "Sikuja kulishwa kama sungura."

Alawi alifuta kisu chake taratibu. "Hasira yako ni halali, ndugu yangu, nami nilikuwa nayo," alisema. "Lakini mke wangu alikuwa anapapasa ukuta kwa sababu ya hasira hiyo. Kesho ukija, fungu lako litakuwepo."

Muharami hakurudi, alihamia bucha la upande wa pili wa soko na akakaa huko. Wengine pia walihama, na kwa muda nyama ya Alawi ikawa inalala. Zuena alimsihi apunguze ukaidi. Hakupunguza. Baadaye watu walirudi mmoja mmoja, na wa kwanza kuomba tuta bustanini, akipitia uchochoro wa nyuma, alikuwa mke wa Muharami. Muharami alikula mboga zile miaka yote bila kuuliza zilikotoka, na hakuna aliyemwambia.

Lakini Alawi naye alikuwa na udhaifu wake, na ulimtokea kwa Sekela. Mwanzoni kabisa, alipokwenda bomani kukiomba kile kiwanja, karani alimpa masharti mawili: kiwanja ni cha serikali na kitachukuliwa kitakapohitajika, na mazao marefu hayaruhusiwi ndani ya mji. La kwanza Alawi aliwaeleza wenzake. La pili alipomwona Sekela anapanda mahindi pembezoni, alishindwa kulisema. Atamkatazaje mwanamke aliyemrudishia mkewe macho? Alinyamaza akitumaini boma halitaona. Mahindi yalipoanza kubeba, askari walikuja na mapanga wakayalaza yote.

Sekela aliyatazama yale mabua, kisha akamwuliza Alawi kama alijua. Alawi akasema alijua.

"Ungeniambia ningepanda maharage," alisema Sekela. "Umeniheshimu kwa kunificha. Heshima hiyo siitaki."

Akaacha kuja. Alawi alimtuma Zuena, hakuja. Alipeleka nyama, ikarudishwa. Mwishowe alichukua jembe, akaenda uani kwa Sekela alfajiri, akaanza kulima kipande chake. Sekela alitoka, akamwangalia akilima vibaya kwa makusudi au kwa kutojua, haijulikani, mpaka akashindwa kuvumilia na kumnyang'anya jembe. Siku ya pili alikuwa bustanini, akipanda maharage.

Mwaka wa hamsini na nane boma likakihitaji kiwanja. Pangejengwa maghala. Wanawake walikusanyika kwenye matuta yao, wengine wakilia, wengine wakisema boma liandikiwe. Alawi alijua haisaidii. Sharti lilikuwa wazi tangu mwanzo. Alichota udongo mkononi. Ulikuwa mweusi, laini, unanukia mvua. Walipoanza, eneo lile lilikuwa kokoto na vumbi jekundu.

Alikwenda bomani akauliza swali moja: ardhi ni ya serikali, na udongo huu tulioutengeneza kwa samadi yetu, je? Karani alikwenda ndani kumwuliza bwana wake. Alirudi akitabasamu kidogo, akasema kwamba wajenzi wataufukua udongo huo kwa vyovyote, na anayetaka kubeba abebe.

Jumamosi iliyofuata bucha la Alawi halikufunguliwa. Tangu jua kuchomoza, Majengo ilijaa watu wenye madebe, vikapu, ungo, hata sufuria, wakibeba udongo kutoka nyuma ya machinjio kupeleka nyuani kwao. Sekela alibeba kichwani, mgongo umenyooka kama mtu anayekwenda kanisani. Mika alileta toroli lake la uashi. Zuena alisimama mlangoni akielekeza watoto pa kumwaga. Alawi alifunga aproni yake ya buchani, akajitwika karai la nyama lililojaa udongo, akapita nalo katikati ya soko, mbele ya duka la vitambaa, akijibu salamu za kila mtu.

Mvua za mwaka ule zilikuta hakuna ua Majengo usio na tuta.