Nilivyoziba Mlango wa Dharura

Wahandisi wanaosanifu kinga ya moto ya uwanja mpya wa ndege walitafuta watu wa kujaribia milango ya dharura. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo. Niliacha shule kuwalea wadogo zangu, Aline na Kevini, wazazi walipofariki. Sasa ni watu wazima, lakini tulipojitolea wote watatu niliwaongoza kama watoto wa chekechea.

"Mtu asinitie aibu," niliwaonya. "King'ora kikilia, tokeni. Hakuna kurudi nyuma."

Kwenye ghala moja wahandisi walikuwa wamejenga ukumbi wa mbao na kuujaza moshi wa bandia. King'ora kilipolia, nilimshika Aline mkono hadi mlangoni, ila Kevini sikumwona. Nikamwachia Aline aliyekuwa nyuma yangu, nikageuka katikati ya mlango na kumwita Kevini kwa sauti yote, huku watu wakikwama na kuangukiana mbele yangu.

"Dada, mimi iko huku nje!" Kevini akajibu.

Baadaye tulionyeshwa video. Watu walicheka kuniona nimeng'ang'ania mlangoni kama mbuzi mkaidi. Mhandisi hakucheka. Alisimamisha picha, akagusa vichwa vilivyokwama ndani, kimoja kimoja.

"Mama, hawa wangekufa," alisema. "Na huyu wa mwisho, unamjua?"

Alikuwa Aline.