Silinda Nane Mugumu

Bisha uone: nina gari la Kimarekani la silinda nane, limenizidi umri, na Mugumu nzima imelisikia. Niliifunga injini upya, ikagoma. Mjomba, aliyechoka kuliona uani kwake, akaapa, "Lisipowaka leo, naliuza chuma chakavu!"

Akapita mzee mmoja fundi, katoka msikitini na kanzu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyaya za plagi kapanga nani?"

"Mimi."

"Umezipanga mstarini kama wanafunzi! Silinda hizi haziwaki kwa foleni, moja, mbili, tatu; zinarukana."

Akazipanga upya. Likanguruma mpaka mbuzi wakakata kamba.

"Fundi nani?" majirani wakauliza. Nikajipiga kifua: "Mimi!"

Kuna kipande nimekiruka: mzee alikuwa bado pale. Alinisikia, akaificha mgongoni mikono yake yenye grisi, nisiaibike. Asante, mzee wangu.