Nilivyopanga vitabu vyote kabatini na kuiponza maktaba yetu ya Nyarugusu

Wakuu, mwangaluka, na mlio mbali habari za huko.

Ninayoyaandika yamenikuta mwenyewe, na aliyekosea ni mimi. Sina sababu ya kupamba.

Nasimamia maktaba ndogo hapa Nyarugusu. Chumba kimoja, makabati matatu, mfadhili hakuna. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitoa mawe, kwenye mgao kinatengwa kiroba kimoja cha maktaba. Tunakipeleka karasha kusagwa, dhahabu ikipatikana tunanunua vitabu. Ndivyo wachimbaji walivyokubaliana, na hakuna mwenye duara aliyewahi kugoma.

Mwaka jana tukasikia maktaba ndogo zote zinaunganishwa chini ya mkoa, na afisa atakuja kukagua.

Sasa mnatujua sisi na wageni.

Nikapita kwenye maduara nikitangaza kila aliyeazima arudishe. Wabishi niliwafuata hadi geto. Wengine niliwapokonya wakiwa katikati ya sura. Siku ya ukaguzi makabati yamejaa, vumbi hakuna, na mimi nimechomekea.

Afisa alikuwa mama mmoja mpole. Akaniuliza vitabu vingapi vimeazimwa. Nikajibu kwa maringo kwamba hakuna hata kimoja.

Akaandika, akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Maktaba haina wasomaji, vitabu vyote vihamishiwe Geita mjini.

Wakuu, niliumia. Daftari la waazimaji nilikuwa nalo siku ile ile, ila nililificha kwa sababu lilikuwa na madoa ya matope.

Geita mjini si mbali kwa mwenye gari. Kwa mtu anayetoka shimoni jioni, ni sawa na kumwambia asisome.

Nikaapa vitabu haviondoki. Nikarudi kwenye maduara yale yale, safari hii naomba radhi. Niliwaambia wazi kwamba mimi ndiye nimewaponza, njooni muazime upya. Kwanza walinicheka, haki yao. Kisha wakaja.

Lori lilipofika, kabatini zilibaki kamusi mbili zilizochanika.

Yule mama afisa akauliza vitabu viko wapi. Nikampa daftari na matope yake, nikamwomba tutembee kidogo.

Karibu na karasha tukamkuta Mama Nkwimba anaponda mawe, kitabu cha ufugaji wa kuku kimefungwa kwenye nailoni pembeni yake. Nikamweleza kuwa mgeni amefuata vitabu. Akaweka nyundo chini, akamwamkia vizuri, kisha akamwambia:

"Makabati chukueni, mama. Hiki sijamaliza, na nikimaliza kuna wawili wananisubiri."

Afisa akafungua daftari akaanza kusoma majina, ukurasa baada ya ukurasa, amesimama palepale juani. Lori lilirudi tupu.

Leo tumeunganishwa, lakini kama tawi. Vitabu vimebaki, mkoa unatuletea vingine, na kiroba cha mgao tumekataa kukiacha.

Nilichojifunza ni kwamba kuungana hakuna ubaya, ubaya ni kumwonesha mkubwa usafi ukaficha kazi. Siku hizi mtu akikuta kabati limejaa, mimi ndiye ninayeona aibu.

Wenye maktaba za mitaa Ushirombo, Samuye na kwingineko, kwenu imekuwaje? Mwageni hapa. Wa kunicheka nao karibuni, nimeshazoea.