Udongo Uliojua Majina

Shule yetu ya Buteba ilikuwa nyumba moja ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, na madaftari hayakuwepo. Ubao ulikuwa mmoja, wa mwalimu, na mwalimu nilikuwa mimi: msichana niliyetumwa na misheni kutoka upande wa Kenya, siku hizo za Mwingereza ambapo mpaka ulikuwa mto wa kuvuka kwa miguu tu. Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha na hasira za karibu. Watoto wa darasa la kwanza waliandika nje, kwa kidole, kwenye udongo tuliousawazisha kila asubuhi kwa ufagio na maji.

Wa kwanza kuandika jina lake lote alikuwa mvulana mmoja mcheshi. Nilimsifu mbele ya wenzake, akarukaruka kwa furaha. Alasiri mvua ikanyesha, ikalifuta lile jina. Kabla ya Jumapili homa ilikuwa imemuua.

Jumatatu hakuna mtoto aliyetaka kuandika jina lake. Waliandika jembe, waliandika ng'ombe. Jina, hata kwa bakora wasingeandika. Siku chache baadaye wakakataa hata kuandika ng'ombe.

"Ng'ombe yetu nakohoa, mwalimu," mmoja aliniambia, akaficha mikono makwapani. Nikacheka, lakini nilicheka peke yangu.

Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni msichana wa miaka kama saba. Alikaa pembeni kabisa, miguu ameikunja isiguse mahali pa kuandikia. Nilipomkaripia hakulia. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Jina yangu ni ya nyanya. Nyanya alikufa, iko huko chini. Naandika hapo, yeye anasikia. Anasema, nani naniita?"

Pale watoto hupewa majina ya marehemu wa ukoo, na kwetu ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimebeba jina la shangazi yangu aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwa kuwa sipendi kushindwa na mtoto, nikapandwa na hasira. Nikachuchumaa, nikaandika jina langu lote kwa herufi kubwa. Mkono ulikuwa ukinitetemeka. Nilidhani ni hizo hasira.

"Haya," nikasema. "Litalala hapa. Kesho mtanikuta nimesimama hapa hapa, na kila mmoja ataandika lake."

Walikwenda kwao wakilizunguka lile jina kwa mbali.

Nilipofika kwa mama mjane aliyenipa chumba, baridi ilikuwa imeshaniingia mifupani. Asubuhi kichwa kilikuwa kinapasuka, na jabali la Tororo, ambalo nilizoea kulitazama kutoka mlangoni, nililiona kama mawili. Mjane alinishika paji la uso, akanisukuma kitandani.

"Wewe nalala leo," akasema. "Natuma mtu Tororo, alete dawa ya kwinini."

Lakini nisipotokea, hakuna mtoto wa pale atakayeandika tena, na hilo nililijua wazi. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mjane: niliogopa. Mimi, mtu wa misheni, niliuogopa ule udongo. Mjane alipotoka kumtafuta huyo wa kumtuma, nilichukua mpini wa jembe lake, nikaenda nikijikongoja.

Watoto walikuwa wamesimama mbali, wamejibana ukutani. Jina langu lilikuwepo. Mtu alikuwa amelizungushia matawi ya miiba, mbuzi wasilikanyage. Na ndani ya ile miiba, kando ya jina langu, palikuwa na jina jingine, dogo, limepinda. Lilikuwa la yule msichana.

"Nani alikwambia uandike?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu." Aliinamisha kichwa. "Jana niliona mwalimu natetemeka. Nikasema, mwalimu hana mtu huku. Asiende huko chini peke yake."

Nilitaka kulifuta jina lake papo hapo. Mguu niliuinua kabisa. Lakini watoto wote walikuwa wakiutazama mguu ule, na kulifuta kungekuwa kukubali mbele yao kwamba udongo unachukua watu. Nikaurudisha chini.

"Herufi ya mwisho umeigeuza," nikasema. "Irekebishe."

Akapitisha mkono katikati ya miiba, akairekebisha. Wenzake wakasogea kutazama. Mmoja akachuchumaa, akatia kidole udongoni, kisha mwingine. Mimi nikaketi palepale, nikauegemea ule mpini.

Kwinini ilifika, nikapona. Watoto wakawa wanaandika majina yao kila siku, wakicheka, wakishindana nani ana herufi kubwa zaidi. Woga wao ulibaki kwangu. Muhula mzima nilifika shuleni kabla ya wote, nikasimama nikiitazama njia ya kwao yule msichana, na sikupiga kengele mpaka nilione gauni lake.