Mafiga Matatu Chini ya Gari

Wanaomjua Béatha, au Mama Kaze kama wateja wanavyomwita, kule Kimisagara, Kigali, wana dalili moja wanayoichunga: akianza kunawa mikono kabla kazi haijaisha, ondoka njiani. Hagombi, hatukani. Anasugua sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, polepole, na aliyemuudhi hujijua mwenyewe.

Alhamisi ile alinawa mara mbili.

Huyu ni mwanamke aliyemaliza miaka kumi na tisa chini ya magari. Baba yake alikuwa fundi wa difu, zile gia za ekseli ya nyuma, huko Buyenzi, Bujumbura. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akamfundisha aliyekuwa naye. Mumewe alimleta Kigali, kisha akafariki, na gereji ikabaki mikononi mwa shemeji yake, Bertrand, mtu wa mashati meupe ambaye kucha zake hazijui grisi. Wateja wageni wakimkuta Béatha ndani ya ovaroli humuuliza fundi yuko wapi. Wa zamani hawaulizi. Huinama nyuma ya gari kutafuta alama yake: vitone vitatu vilivyogongwa kwenye ekseli, vimekaa kama mafiga ya jikoni. Wakiyaona mafiga, wanawasha gari na kwenda zao. Alama hiyo ndiyo mali yote aliyo nayo Béatha mjini hapa.

Gari lenyewe lilikuwa la Shema, kijana wa Nyarutarama. Alilipeleka Kampala likafungwa turbo, likarudi na nguvu mara mbili ya zile lililozaliwa nazo. Nyuma hakugusa kitu. Béatha alipolipandisha jeki alicheka kwa uchungu: ekseli nyembamba vile vile, difu ya kusukuma tairi moja huku la pili linazunguka bure. Wanaume hupenda kinachonguruma mbele. Kinachobeba mzigo nyuma hawakikumbuki mpaka kikatike. Akamwandikia Bertrand vinavyohitajika: ekseli pana, difu inayovuta matairi yote mawili, na shafti nene mpya za kuzungusha matairi, chuma kizima kisichoungwa popote. Hayo ya mwisho aliyapigia mstari chini, akaupiga tena.

Shafti zililetwa Alhamisi, nyeusi, zinang'aa. Sasa Béatha ana desturi aliyoachiwa na baba yake: shafti haiingii garini kabla haijaning'inizwa kwa waya na kugongwa kwa nyundo ndogo. Chuma kizima huimba mpaka mwenyewe ukishike kinyamaze. Hii ilisema "du", basi. Akakwangua rangi, na chini yake akakuta mshono wa kuchomelea umeizunguka shafti kama pete. Ya pili hali kadhalika. Vipande vya shafti kuukuu vilikuwa vimeungwa, vikachongwa, vikapakwa rangi.

Akanawa mikono mara ya kwanza, kisha akampelekea Bertrand akidhani wametapeliwa wote wawili. Bertrand hakushtuka hata kidogo, na kutoshtuka kwake kulimchoma Béatha kuliko mshono wenyewe.

"Shemeji, rangi iko juu," alimwambia. "Nani ataona? Funga tu."

Béatha alimkumbusha kwamba Jumamosi, umuganda ukiisha, ile kazi ya pamoja ya mitaa inayofunga barabara asubuhi, Shema anampeleka mama yake Huye, na barabara ya Huye ni milima na kona. Shafti ikikatika pale, tairi linachomoka na gari linakwenda linakotaka. Bertrand akajibu kwamba safari za watu si kazi ya gereji. Ndipo Béatha aliponawa mikono mara ya pili, akaenda nyumbani, na Ijumaa hakuja kazini. Alidhani bila yeye gari halitatoka. Hilo ndilo kosa lake, na amelijutia hadi leo.

Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulikuwa unazibua mtaro, kila mtu na jembe lake. Bertrand akasogea karibu naye, akamnong'oneza kwa furaha kwamba gari liliondoka jana, amelifunga mwenyewe na kijana mmoja wa kuazima.

"Usijali, shemeji. Hata alama yako iko."

Béatha alibaki ameshika jembe. Kutuma gari bovu barabarani ni uovu. Kulituma kwa jina la mwingine ni uovu usio na jina. Namba ya Shema hakuwa nayo, maana namba za wateja Bertrand anazificha kama dhahabu. Pikipiki hazitembei umuganda ukiendelea, na barabara zikifunguliwa kwake, zinafunguliwa na kwa Shema. Akachimba mtaro kwa hasira hadi jirani akamwomba apunguze. Saa tano ilipogonga alikuwa wa kwanza kupanda pikipiki, begi la vyombo mapajani.

Nyumba ya kina Shema aliijua. Alikuta geti wazi, injini inanguruma, mama yake Shema ameshafunga mkanda. Béatha akasimama mbele ya boneti, akawaeleza yote bila kupumua. Shema akampigia Bertrand, na sauti ya Bertrand ikatoka kwenye simu ikiwa tamu kama asali: mwanamke huyo amekosana na gereji, anatafuta fitina, kazi hiyo ameifanya Béatha mwenyewe, waangalie alama.

Shema akaangalia. Mafiga yalikuwepo.

"Mama Kaze," alisema, "alama si yako hii?"

Hapo Béatha alitamani kulia kwa hasira. Jina lake lenyewe limesimama kutoa ushahidi dhidi yake! Akaingia uvunguni chali, akavitazama vile vitone, na akatoka taratibu. Akamwomba mama yake Shema aje nyuma ya pikapu ya nyumbani, ambayo ekseli yake aliifunga mwaka jana. Yule mama akashuka, akainama na tochi ya simu. Kwenye pikapu, figa la peke yake, lile la ncha, lilielekea chini. Kwenye gari la mwanawe lilielekea juu.

Béatha akaeleza. Yeye hugonga alama ekseli ikiwa mezani, imelazwa kichwa chini. Ikifungwa garini, mafiga hupinduka. Ni mtu asiyewahi kujenga ekseli tu ndiye angeyagonga gari likiwa juu ya jeki.

"Shema, zima gari," mama yake akasema.

Tairi likafunguliwa, shafti ikavutwa. Béatha akaining'iniza kwa waya kwenye tawi la mparachichi, na kando yake shafti ya zamani ya gari hilo hilo, iliyokuwa bado ndani ya buti, kwani vyuma vilivyotolewa gereji huwarudishia wenyewe siku zote. Kisha akaomba simu ya Shema, akampigia Bertrand, akaisogeza karibu.

"Shemeji, sikiliza."

Akaigonga ile ya zamani, ikaimba uani kote. Akaigonga ile nyeusi. Du. Akaigonga tena kwa nguvu zake zote, ikakatika kwenye mshono, kipande kikaanguka miguuni pa mama yake Shema.

"Ya kwanza ni chuma," alisema kwenye simu. "Ya pili ni wewe."

Akakata, akachukua patasi, akaingia uvunguni kuyafuta yale mafiga ya uongo, moja baada ya jingine. Alipotoka aliuliza bomba liko wapi. Kazi ilikuwa haijaisha, lakini alitaka kunawa mikono.