Marahaba ya Kaseti

Juzi, maktabani Katesh, nilimwona mtoto amevaa hedifoni, anaitikia kwa kichwa hadithi ya kwenye simu. Nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka mchana ule wa utoto wangu, maboksi mapya ya vitabu na kaseti yalipofunguliwa maktabani Mbulu. Chumba kilinukia gundi ya vitabu na masweta yetu yaliyolowa mvua. Mama mkutubi aliweka kaseti kwenye redio, ikakwaruza kidogo, kisha sauti nzito ya mzee ikaanza kusimulia.

Nilisimama upesi. "Shikamoo, babu!"

Mzee akaendelea na hadithi yake. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Hakujali. Kwetu Masieda, mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue umemuudhi.

"Nimemkosea nini?" nilimuuliza mama mkutubi, machozi yakinilengalenga.

Hakunicheka. Alizima redio, akainama. "Marahaba, mwanangu. Amesema nikuitikie kwa niaba yake."

Akaiwasha tena. Nikaketi, nikasikiliza mpaka mwisho.

Leo mimi ndiye ninayesoma vitabu vya kusikiliza, na najua vizuri kwamba kaseti haina masikio. Lakini kila ninaporekodi, kabla ya sentensi ya kwanza, husema, "Marahaba."

"Hiyo tuifute?" fundi wa studio huuliza.

Haifutwi. Kuna mtoto mahali fulani amenisalimia.